Ignatius Sarwono, Aliyeisubirisha Kompyuta

Ignatius Sarwono alizaliwa Muntilan tarehe 9 Machi 1951, akaitwa Tukiran. Homa zilimwandama. Alipofika miaka sita wazazi wake, kwa desturi yetu kwa mtoto anayeuguaugua, walipika uji mwekundu na mweupe, wakaita majirani, wakambadilisha jina kuwa Sarwono. Homa zikakoma. Utulivu haukuja, hata chakula alikula amesimama.

Alisoma kwa Mapadre, kisha chuo cha kumbukumbu za wagonjwa, Semarang. Mwaka 1974 aliajiriwa katika hospitali moja ya Magelang. Tarehe 12 Juni 1977 alimwoa mwalimu Endang Rarasati, anayeandika haya, aliyemwita Mas, yaani kaka, hadi mwisho.

Mwaka 2004, akiwa mkuu wa idara ya kumbukumbu, aliongoza kuhamishwa kwa kadi za wagonjwa kwenye kompyuta. Yamesemwa mengi, na leo yaishe: hakuvuliwa cheo kwa kuogopa mashine. Ni yeye aliyeziomba. Wiki moja kabla ya uzinduzi, Bu Ngatirah, yaani Mama Ngatirah, karani mkongwe, aligoma kuandika hata herufi.

“Bu, kitufe hakiumi.”

“Kitawauma wagonjwa, Pak. Kadi hizi mbili ni mama mmoja, alibadilishwa jina utotoni. Mimi namjua kwa sura. Mashine yako itamjuaje?”

“Wa namna hiyo wako wangapi?”

“Eti wangapi! Anayeuliza ni Tukiran mwenyewe!”

Makarani wakacheka. Yeye hakucheka. Siku tatu alizunguka kati ya makabati, kisha akamwandikia mkurugenzi: uzinduzi usubiri, iongezwe nafasi ya jina la zamani, na makarani waulizwe kwanza. Ulisubiri miezi mitano. Cheo kikaenda kwa mwingine. Alibaki na makarani, kadi kwa kadi, akiwafundisha na kufundishwa. Siku ya uzinduzi hakutajwa.

Tarehe 26 Januari 2019 nimonia ilimfikisha hospitali ileile, hajitambui. Muuguzi alikwisha kushika sindano karani alipoandika “Sarwono” kwenye kompyuta, na nafasi ya jina la zamani ikajitokeza.

“Subiri! Bu Endang, Tukiran ni nani?”

“Ni huyuhuyu. Kwani vipi?”

“Kadi ya mwaka 1956 inasema penisilini nusura imuue.”

Hata mkewe hakulijua hilo. Alibadilishiwa dawa, akazinduka, akawaona watoto wote wawili, akaomba mara tatu ateremshwe kitandani. Alifariki tarehe 14 Februari.

Ameacha mjane, watoto Kinasih na Pramudito, wajukuu watatu, na Bu Ngatirah, aliyeketi leo safu ya mbele pamoja na familia, mahali pake.

Apumzike kwa amani, Tukiran na Sarwono. Sasa keti, Mas.