Sebastian Mchopa Nandonde: Miaka Arobaini na Minne ya Kuogopa Faili

Mzee wetu Sebastian Mchopa Nandonde alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 Kitangari, Newala, mtoto wa nne wa Mzee Mchopa, mchongaji wa mpingo, na Bibi Leonia. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajifunza patasi kwa baba yake.

Mwaka 1977 alijiunga na jeshi. Vita vya Kagera vilipoanza, alikwenda na kombania yake, na rafiki yake mkubwa alikuwa Twaha Mbonde, kijana wa Temeke. Machi 1979, ndani ya Uganda, walishambuliwa kwenye barabara iliyokatiza kinamasi. Marehemu alikimbia. Nyuma yake alimsikia Twaha akiliita jina lake, naye hakugeuka. Siku ya tatu gari la kikosi kingine lilimwokota akitangatanga kwenye migomba, hajui alikotoka. Alilazwa Mwanza, na Januari 1980 akaachishwa jeshi. Aliondoka bila kuuliza karatasi zake zimeandikwa nini.

Alihamia Dar es Salaam, akachonga vinyago Mwenge kuanzia 1981 hadi macho yalipomchosha mwaka 2014. Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu, Sesilia, wakajenga Kimara. Wengi mnamkumbuka kwa upole wake. Sisi wa nyumbani tuliijua na hofu yake. Gari la jeshi likisimama kituoni Stop Over, karibu na kwetu, aliingia ndani na kujifungia, chai ikapoa kibarazani. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alizima redio.

Mwaka 2022 mimi, binti yake Jenipher, ninayewasomea haya, nilimwona jirani amevaa medali ya vita, nikamuuliza baba ya kwake iko wapi.

"Mie sina medali," alisema. "Na usiende kuuliza. Ukifungua lile faili, unanifungia mimi."

Hapo ndipo alipotusimulia habari za Twaha. Aliamini faili limemwandika mtoro, na kwamba siku moja watakuja kumchukua. Mama alikuwa ameishi naye miaka thelathini na mitano, naye alikuwa hajawahi kuyasikia.

Nilikwenda kuuliza jeshini kwa siri. Jibu lilipokuja, lilimtaka afike mwenyewe. Wiki nzima hakula vizuri. Asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2023 alitoka chumbani na kibegi, ndani ameweka sweta, mswaki na rozari. Mama alipouliza ni vya nini, alisema huko ndani usiku kuna baridi.

Afisa wa kumbukumbu alikuwa dada mmoja kijana, amevaa sare. Baba alisimama mlangoni, kibegi mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema yule afisa. "Naona na begi. Unasafiri?"

"Wewe ndiye utaniambia, mwanangu."

Afisa alifungua faili, akasoma polepole. Lilisema kwamba Sebastian Nandonde alikutwa amechanganyikiwa kwa mshtuko wa mlipuko, akatibiwa, akaachishwa kwa heshima. Medali yake haikuwahi kuombwa. Neno mtoro halikuwamo.

Baba hakufurahi. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na Twaha Mbonde alikufa saa ngapi?"

Afisa alikwenda, akarudi na faili jingine. "Huyu hakufa vitani, mzee. Aliachishwa mwaka huohuo, akarudi kwao Temeke. Naye hajawahi kuchukua medali."

Tuliulizia msikitini Mtoni, hukohuko Temeke, tukaelekezwa nyumbani kwake. Aliyetufungulia alikuwa Bi Mwanabaraka, mjane. Twaha alikuwa amefariki mwaka 2016. Baba alipojitaja jina, mjane yule alishika mlango.

"Marehemu alikutaja mpaka mwisho," alisema. "Alisema alikimbia, akakuacha kwenye matope. Alikuwa anaogopa hata kupita kambini."

"Shemeji, mie ndiye niliyemwacha yeye. Nilimsikia akiniita."

"Alikuita kweli. Lakini alikuwa anakimbia upande wa pili."

Kisha Bi Mwanabaraka akauliza, "Mlikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

"Alaa. Watoto."

Baba alishughulikia kwanza medali ya Twaha, na Mei 2024 alikuwepo Bi Mwanabaraka alipokabidhiwa. Yake mwenyewe haijafika.

Kisukari kilimwingia kwenye figo Agosti mwaka huo. Hofu haikumwacha: aliogopa mashine ya kusafisha damu, aliogopa kufa, wala hakuficha. Alituagiza, "Msiwaambie watu nilikuwa shujaa. Waambieni niliogopa. Huenda hapo makaburini yupo mwenzangu ambaye hajaenda kuuliza." Tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, aliniambia, "Jenipher, usiondoke." Sikuondoka.

Ameacha mjane, Sesilia, watoto watatu, Jenipher, Petro na Marietha, wajukuu saba, na shemeji yake Bi Mwanabaraka, aliyekuja leo kutoka Mtoni na kukaa nasi mkeka mmoja.

Mungu amlaze pasipo na hofu, apumzike kwa amani.