Mama Giza na Miche Yake

"Nani atakupa dawa saa nne nikiwa darasani?" mjukuu aliuliza, naye Bibi akamjibu kwa sauti ile ile aliyowafukuzia watu maabarani, "Babu yako ana mikono miwili na mimi mdomo bado ninao, usinifanye kisingizio," na ugomvi huo, ulioanza Januari mjukuu alipoacha shule akiwa kidato cha pili ili amuuguze, uliendelea kwa miezi, hata sisi wa nyumbani tukauzoea kama redio ya jirani.

Marehemu Bibi, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Giza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka 1974 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya mimea.

Tarehe 1 Julai mwaka huo aliajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa mimea, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2011, na kazi yake ilikuwa kujua jinsi tando zinazonasa mwanga wa jua zinavyoumbwa ndani ya seli za jani, maana bila tando hizo jani haliwezi kujipikia chakula. Alikuwa akiotesha miche kwenye chumba kisicho na dirisha, ikatoka mirefu, myembamba, ya njano, kisha akawasha taa, akakata majani na kuyatazama kwa hadubini kubwa. Gizani, alivyotueleza mezani huku chai yake ikipoa, tando hizo hukaa ndani ya seli zimesokotana kama chandarua kilichokunjwa, na mwanga ukiingia chandarua hulegea, hukunjuka, hutanda kuwa shuka bapa, halafu shuka hupangana kama sahani kabatini, na jani huwa kijani. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba kwa miaka minne kila alipotazama alikuta chandarua kimeshakunjuka, ule mwanzo wenyewe umempita.

Mwezi Agosti 1978 fundi umeme aliyeitwa kutengeneza swichi ya korido alikosea mlango, akaingia chumba cha giza na tochi inawaka. "Funga mlango, umeniulia miche yote," marehemu alimwambia, na fundi akajibu, "Dada, mimi huitwa kuleta mwanga, sijawahi kufukuzwa kwa kosa hilo." Kwa hasira alikata majani palepale ili ampelekee mkuu wa kituo ushahidi wa uharibifu, lakini picha zilipotoka hakuzipeleka popote, kwani pembezoni mwa chandarua nyuzi zilikuwa ndiyo kwanza zinalegea, na shuka bapa za kwanza zilikuwa zinachomoza hapo hapo. Kumbe miaka yote alikuwa anachelewa kukata. Alimtafuta fundi akamwomba radhi, tarehe 16 Juni 1979 wakafunga ndoa, naye ndiye Babu huyu aliyeketi mbele yenu, ambaye hadi leo anadai jina lake lilisahauliwa kwenye makala ambayo marehemu aliandika kuhusu picha zile.

Walijaliwa watoto watatu, waliozaliwa mwaka 1980, 1983 na 1988, na wajukuu saba, na wote walilelewa kwa sheria moja, kwamba ukitoka unafunga mlango nyuma yako, hata wa jikoni, hata mchana, kwa sababu mkono wa Bibi ulikuwa umeshazoea hivyo.

Mwezi Novemba mwaka jana alianza kuugua moyo. Mwezi Aprili mwaka huu, akiwa kitandani, alimwagiza mjukuu apande mahindi kwenye kopo na kulifungia kabatini, lakini mjukuu, kwa huruma, akawa anachungulia kila siku kwa taa ya simu, miche ikatoka na ukijani, Bibi akacheka hadi akakohoa, "Mkono wa babu yako huo." Mara ya pili mjukuu alijizuia, ikatoka ya njano kabisa, wakaiweka dirishani, na kesho yake ilikuwa kijani. "Umeona," Bibi alisema, "haikuwa imelala mle ndani, kila kitu kilishakunjwa, kinangoja mwanga tu." Jioni ile mjukuu alitoa sare yake sandukuni akaishusha upindo, maana alikuwa amerefuka.

Marehemu alifariki tarehe 6 Juni 2024, alfajiri, akiwa nyumbani, Babu amemshika mkono.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuletea maji na viti bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa kituo, na mwalimu mkuu aliyempokea mjukuu katikati ya muhula. Bibi, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani, nasi tutakukumbuka kwa ile asubuhi ya Jumatatu, siku tatu kabla hujatuacha, mjukuu alipotoka na sare yake kwenda shule kwa mara ya kwanza tangu Januari, akashika kitasa ili afunge kama ulivyotufundisha sote, nawe ukamwambia kutoka kitandani, "Leo uache wazi."