Inshirah Qandil na Kurasa Sitini na Moja za “Mchumba wa Kila Mtaa”

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hifadhi yetu ya filamu hapa Aleksandria, Bi. Inshirah Qandil anastaafu. Aliingia akiwa karani wa kupokea mikebe ya filamu. Anatoka akiwa mkuu wa ukarabati. Ameokoa filamu mia mbili na kumi na nne. Hata hivyo, wenzake wakimtaja, husimulia ile moja iliyomshinda.

Mwaka 1997 alikuja ofisini bibi wa miaka themanini na saba, Wadida Sabbagh, akishikwa mkono na mpwa wake. Alipokuwa na miaka kumi na minane alicheza katika filamu bubu ya kuchekesha, “Mchumba wa Kila Mtaa”. Tapeli anachumbia wasichana watano, anakula karamu za posa na kutoroka na zawadi, mpaka anampenda kweli muuza maua, naye hamwamini. Wadida ndiye aliyekuwa muuza maua. Baba yake alimkataza kukanyaga jumba la sinema, na filamu ikapotea kabla hajaiona.

“Macho yananiaga, binti yangu,” alisema. “Nionyeshe upesi.”

Inshirah alitafuta miezi saba. Alipekua majumba ya sinema yaliyofungwa, akaandika barua hadi Athene na Beiruti. Hatimaye, katika ghala moja la mtaa wa Attarin, alipata mikebe sita yenye jina lenyewe. Aliifungua mmoja mmoja. Yote ilijaa unga wa kahawia; filamu ilikuwa imeoza. Tulimkuta ameketi sakafuni, unga umemjaa mapajani.

Mkuu wetu wa wakati huo, mtu wa huruma, alimshauri aonyeshe filamu nyingine ya miaka ile. “Bibi haoni vizuri. Atajuaje?”

“Tapeli abaki kwenye filamu, bwana mkubwa,” Inshirah alijibu. “Hapa ofisini hapana.”

Akaenda kwa bibi, akamwambia kweli. Wadida alisukuma kando kikombe chake cha chai. Kisha akasema, “Basi shika kalamu. Nitakuonyesha mimi.”

Kwa Jumapili kumi na moja alisimulia, onyesho kwa onyesho, huku Inshirah akiandika. Siku ya mwisho Inshirah aliuliza kama muuza maua alimsamehe yule tapeli.

“Kwenye filamu, ndiyo. Waliniambia nitabasamu,” Wadida akacheka. “Lakini mimi mwenyewe ningemwacha asote kidogo!”

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Kurasa sitini na moja za Inshirah ndizo pekee zinazoieleza filamu hiyo leo, na wanafunzi husafiri kuja kuzisoma.

Bi. Inshirah, asante kwa mikono yako na kwa msimamo wako. Mungu akupe afya, na siku ndefu zisizo na vumbi. Mbele ya jina la filamu ile, kwenye daftari kuu, ulikataa tuandike “imeharibika”. Uliandika mwenyewe: “Nakala nyingine inatafutwa.” Hatutalifuta neno hilo. Tutaendelea kutafuta.