Kutoka Saa za Ufunguo hadi Saa za Namba: Mzee Isaka Mughwai Anatuachia Meza

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Mzee Isaka Mughwai anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Mafundi Saa, Utemini, kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwepo siku mlango unafunguliwa mara ya kwanza. Sisi wengine wote tumemkuta.

Mzee ni mzaliwa wa Unyambwa. Alisoma mpaka darasa la nne, kisha akajifunza ufundi kwa fundi mmoja wa mjini ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, "alikuwa mkali kuliko pilipili, lakini hakunificha kitu."

Alipoanza, saa ya mkononi ilikuwa saa ya ufunguo. Unaijaza asubuhi, ukisahau inalala. Walikuwa nazo walimu, wachungaji na makarani, na mabwana harusi waliziazima. Mzee hupenda kusimulia kwamba kuna saa moja aliitengeneza mara nyingi, na kila mara ilikuja kwenye mkono wa mtu mwingine.

Zikafuata saa otomatiki, zinazojijaza zenyewe mkono ukicheza. Baba mmoja wa Mgori alileta ya kwake akilalamika kwamba imekufa ikiwa mpya. Kumbe aliifungia sandukuni isiibiwe. Mzee aliitikisa kidogo, mshale ukaanza kutembea, akamrudishia. "Baba, hii haitaki sanduku. Inataka utembee nayo." Hakumtoza kitu.

Halafu ikaja miaka ya shida, vipuri havipatikani hata kwa dawa. Mzee alichukua saa tatu zilizokwisha kufa akatoa moja nzima, na watu wa Singida wakaendelea kuvaa saa. Hilo peke yake lingetosha kumshukuru.

Lakini jambo tunalomshukuru zaidi lilitokea baada ya biashara kuachiwa huru. Minadani zilijaa saa za betri, zikafuata za namba: zenye taa, zenye kengele, nyingine zenye kalkuleta ambayo vitufe vyake vilikuwa vidogo kuliko vidole vyetu. Zilikuwa rahisi mno. Ikisimama, mtu anatupa ananunua nyingine. Mzee alipoifungua ya kwanza akitafuta springi, alikuta kibao kidogo na betri. Akaifunika, akaenda kunywa maji, akarudi akaifungua tena.

Saa za ufunguo zikaacha kuja. Mwaka 1991 mwenyekiti wetu, Mama Kristina, alituita akasema wazi kwamba mambo yakibaki hivi mpaka mwisho wa mavuno, ushirika unafungwa. Tulikuwa mafundi watano. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na sikuwa na pengine pa kwenda.

Mzee akasema saa mpya nazo zina shida yake, ila bado haijatajwa. Alikuwa ameiona. Watu wetu tunasoma saa kwa Kiswahili. Kwenye saa ya mishale macho yamezoea, mshale ukiwa kwenye saba unasema saa moja. Saa ya namba inakuandikia saba tu, na jioni wengine inawaandikia kumi na tisa. Wateja walirudi mnadani kugombana kwamba wameuziwa mbovu. Basi Mzee akaanza kuzirudisha nyuma saa sita, zisome kama tunavyosema.

Wa kwanza alikuwa Mathayo, kijana wa hapa Utemini. Alitaka kengele imwamshe saa kumi alfajiri awahi lori la Manyoni, kwenye posa ya dada yake. Mzee aliweka kumi, akampa. Hakujua ile herufi ndogo pembeni, A au P, ndiyo inayotenga usiku na mchana. Mathayo alilala fofofo, lori likaondoka. Kesho yake alikuja amevimba.

"Shikamoo mzee. Saa yako imenilaza asubuhi. Halafu jioni, nimefika Manyoni nimechelewa, wazee wamenikalisha wananisema, ikaanza kuimba! Saa kumi kamili! Baba mdogo akauliza, unatuletea na muziki?"

Mafundi walicheka mpaka wakashika meza. Mzee hakucheka.

"Marahaba mwanangu. Saa haina kosa. Kosa ni langu, na nitakwenda kumwambia baba yako mdogo."

Akaenda kweli. Kisha kwa wiki kadhaa alivaa saa mbili za namba, moja kila mkono, moja ya Kiswahili na moja ya kizungu, akiziangalia hata kanisani. Watu wakasema mzee kapata uchizi wa utajiri. Aligundua kwamba ukiirudisha saa, tarehe nayo haigeuki tena usiku wa manane. Kwa hiyo kila mteja aliulizwa anataka igeuke jua likichomoza au likizama, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Alitoa meza barazani. Ukinunua saa mnadani, unaileta kwa Mzee akuwekee na kukufundisha mpaka uweze mwenyewe. Mathayo ndiye aliyewaleta wa kwanza. Waliokuja kuwekewa walibaki kubadilisha betri, mkanda, kioo. Mavuno yakaisha, Mama Kristina hakulitaja tena lile neno la kufunga.

Ni Mzee pia aliyesema mtoto wangu anyonyeshwe humu humu kazini, na aliyenung'unika akaambiwa ashike bisibisi yake. Huyo mtoto sasa anamwita babu.

Macho ya Mzee yamechoka na tumemwona akisogeza lenzi mara mbili mbili. Kwa hiyo, Mzee wetu, tunakwambia kwa heshima zote: usije Jumatatu kutuchungulia. Tunakujua. Kaa Unyambwa na mkeo, Mama Martha, ule chakula kikiwa cha moto, maana miaka yote hii umekila kimepoa.

Asante kwa kazi, kwa uvumilivu na kwa kukubali kujifunza upya ukiwa na mvi. Mungu akupe afya na siku nyingi za kupumzika. Jumatatu tutafungua mlango bila wewe, na utafunguka, kwa sababu wewe ulikataa ufungwe.

Yasinta Peniel, kwa niaba ya mafundi wenzake