Seline Adero, Mjumbe Aliyekataa Peke Yake

Karibuni mezani petu, wasikilizaji wapendwa. Popote redio yako ilipo, jikoni au kazini, sogea karibu kidogo. Leo tunamkumbuka fundi cherehani wa Laini Saba, Kibera. Jina lake ni Seline Adero.

Seline Adero alifariki tarehe tisa mwezi huu wa Agosti, 1988, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alikuwa mmoja wa watu walioanzisha chuo ambacho leo ni chuo kikuu cha Kanisa la Nuru ya Injili, kule Kawangware. Aliketi katika baraza la chuo hicho miaka kumi na mmoja. Na miaka saba ya mwisho ya maisha yake, watu wa kanisa lake walikuwa hawamsemeshi.

Tuanze na mabati.

Mwaka wa 1966 kanisa lilipata kiwanja Kawangware. Fedha za kujenga hazikuwepo. Basi waumini wakabomoa kanisa lao kuukuu la Laini Saba, ambalo wangelijenga upya baadaye, wakabeba mabati na mbao kwa miguu, wakavuka barabara ya Ngong hadi Kawangware. Seline alikuwa amefiwa na mumewe miaka miwili kabla. Hakuwa na mtoto. Alishika boriti upande mmoja, na upande wa pili akashika mchungaji kijana aliyeitwa Shivachi. Walibeba hivyo siku nne, wakitaniana njiani nani anachoka kwanza.

Hawakubeba peke yao. Majirani zao Wanubi, Waislamu wa Kibera, walitoka kuwasaidia. Mmoja wao, Mzee Rehani, alileta mkokoteni wake na kuusukuma mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza anasali wapi.

Hivyo ndivyo chuo kilivyoanza, wasikilizaji: chumba kimoja cha mabati, wanafunzi tisa wa uinjilisti, na walimu watatu. Kufikia mwaka wa 1971 kilikuwa chuo cha ualimu chenye katiba na baraza la watu kumi na mmoja. Wachungaji walikuwa wengi katika baraza hilo. Lakini katiba iliacha kiti kimoja kwa muumini wa kawaida, aliyechaguliwa na waumini wa Kibera na Kawangware. Wakamchagua Seline Adero. Elimu yake ilikuwa darasa la nne.

Ndugu yake, Nashon Obiero, ni seremala hapo chuoni mpaka leo. Anasema, "Siku ya mkutano wa kwanza alirudi akicheka. Akaniambia, 'Nashon, wale wanaongea Kizungu, halafu wakikwama wananiangalia mimi.'"

Wakikwama wanamwangalia yeye. Ilikuwa kweli. Alijua mwanafunzi gani analala bila kula, na paa lipi linavuja. Mwenyekiti wa baraza alikuwa rafiki yake Shivachi, ambaye sasa alikuwa askofu. Baada ya kila mkutano, Askofu Shivachi alipita Laini Saba kunywa chai kwa Seline. Alisukuma vitambaa kando na kukaa juu ya sanduku la nyuzi.

Sasa tufike mwaka wa 1981. Ukumbuke mwaka huo.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Murunga, alikuwa amempokea msichana kutoka Kibera asomee ualimu. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote walioomba. Jina lake lilikuwa Zenabu Rehani, binti wa yule mzee wa mkokoteni. Alikuwa Muislamu. Alisoma mwaka mzima bila shida. Kisha kanisa likaanza kuota ndoto ya chuo kikuu, na baadhi ya wachungaji wakasema chuo kikuu cha kanisa lazima kiwe na watu wa kanisa. Wakaleta kifungu kipya cha katiba: asiye muumini asisome hapo, na asifundishe hapo.

Aliyeandika kumbukumbu za mkutano huo ni Bi. Kageha, karani wa baraza. Alituambia mambo yalivyokwenda. Askofu aliomba wanaokubali wainue mikono. Ikainuka mikono kumi, na wa askofu ulikuwa mmojawapo. Akauliza nani anakataa.

Seline akasimama. Wengine wote walikuwa wakijibu wakiwa wameketi.

"Mimi nakataa, Baba Askofu."

"Mama Seline, tafadhali. Tumeshaomba juu ya jambo hili."

"Hata mimi niliomba. Kageha, andika jina langu. Uandike na sababu. Haya mabati yalibebwa na watu ambao hatukuwauliza dini. Sasa tutawaulizaje watoto wao?"

Kumi walikubali, mmoja akakataa. Mwalimu Murunga aliachishwa kazi mwezi huo huo kwa kumpokea Zenabu, na Zenabu akapewa barua ya kuondoka.

Siku ya Zenabu kuondoka, Seline alifunga cherehani yake mapema akaenda Kawangware. Walibeba sanduku pamoja, kila mmoja mpini wake, mpaka getini. Nashon alikuwa hapo akitengeneza mlango. Alimsikia msichana akiuliza, "Mama, kwani nimekosa nini?"

Seline akamwambia, "Hujakosa kitu. Sisi ndio tumekosa."

Zenabu alihama Nairobi na wazazi wake. Tumemtafuta kwa ajili ya kipindi hiki. Hatukumpata.

Na baada ya hapo, wasikilizaji wapendwa, Seline alibaki peke yake. Hakuna aliyemfukuza kanisani. Mambo haya hayafanywi kwa barua. Ilikuwa tu kwamba Jumapili akiketi kwenye benchi, wenzake wanakumbuka wana nafasi kwingine. Kikundi cha akina mama kilibadilisha siku ya kukutana, na yeye hakuambiwa. Majoho ya kwaya, ambayo alikuwa ameyashona tangu mwanzo, yakapelekwa kwa fundi wa Kawangware. Mwaka wa 1982 muda wake barazani ukaisha, na jina lake halikupendekezwa tena. Askofu naye akaacha kupita kwa chai.

Nashon anasema, "Nilimwambia, sista, si uhamie kanisa lingine? Yako mengi hapa Kibera. Akanijibu, 'Hili nililibeba kwa mikono. Niende wapi?'"

Akaendelea kwenda kila Jumapili. Aliimba, akasali, akarudi nyumbani bila mtu kumuuliza habari yake. Miaka saba. Mtu anaweza kukaa katikati ya watu mia tatu na asisikie jina lake likitajwa.

Mwaka wa 1986 walikuja wakaguzi wa elimu, kuona kama chuo kinafaa kuwa chuo kikuu. Walikisoma kile kifungu wakauliza kiliingiaje, na kama kulikuwa na aliyekipinga. Bi. Kageha akaletewa faili la 1981. Akasoma kwa sauti maneno ya Seline, mbele ya baraza zima.

Kifungu kikafutwa. Mwaka uliofuata, 1987, chuo kikafunguliwa rasmi kuwa chuo kikuu. Hakuna aliyetumwa Laini Saba kumpa Seline habari. Hakupata kadi ya mwaliko. Alikwenda hata hivyo, akaketi nyuma kabisa pamoja na wazazi wa wanafunzi. Historia ya chuo ikasomwa, na waanzilishi wakatajwa mmoja baada ya mwingine. Yeye hakutajwa. Hotuba zilipokwisha, akatembea hadi Kibera.

Mwezi wa Mei mwaka huu, Askofu Shivachi alikuja kwake. Amestaafu sasa, anatembea kwa bakora. Seline alimpikia chai. Walizungumza juu ya mvua, wakazungumza juu ya magoti. Kisha askofu akaaga akaenda.

"Dada aliniambia," anasema Nashon, "'Nilimngoja aseme. Alifungua mdomo mara tatu. Hakusema. Lakini alikunywa vikombe viwili.'"

Miezi mitatu baadaye, Seline akafa.

Ibada ya kumuaga ilifanyika Laini Saba Jumamosi iliyopita. Nilikuwepo. Benchi zote zilijaa, hata watu wakasimama nje. Askofu Shivachi hakuwa kwenye ratiba. Aliinuka tu, akajikokota mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake. Hakuwageukia watu.

Akasema, "Seline, haki ilikuwa upande wako. Nilijua siku ile ile."

Akasimama hapo kwa muda, kama mtu aliyebisha hodi.

Kwa Nashon Obiero na jamaa wote wa marehemu, kwa majirani wa Laini Saba na kwa wanachuo wa Kawangware, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nanyi mnaosikiliza: kama kuna mtu unayejua ulipaswa kumwambia neno, usingoje ratiba. Zima redio hii. Mwendee leo, wakati bado anaweza kukujibu.