Hiltrud Rautenbach Anastaafu, Meza Yake Haistaafu

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 1984, Bi Hiltrud Rautenbach anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya nyembe hapa Solingen kwa miaka thelathini na minane. Ofisi imeniomba mimi, mnoaji na jirani yake wa siku zote, niandike wasifu huu. Ikaniomba pia niongeze sentensi moja: kwamba meza yake ya kufufua nyembe za kale inafungwa pamoja naye. Wasifu naandika. Sentensi hiyo siiandiki.

Aliingia mwaka 1946, paa likiwa bado na tundu la bomu la vita, akapangiwa kufunga mipini. Kazi yenyewe ni kuuunganisha wembe wa kukunja na vibao vyake viwili, ili ukikunjwa makali yashuke katikati bila kugusa ubao huu wala ule. Hiltrud alijifunza kwa kuharibu. Ukizidisha pigo moja tu la nyundo kwenye pini ya shaba, kibao kinapasuka, na alipasua vingi.

"Binti, hapa hatuchanji kuni," wazee walimtania.

"Cheka tu, babu. Kesho utaniletea wembe wako mwenyewe."

Walizileta, mmoja baada ya mwingine, na ndivyo alivyopata meza yake ya kufufua nyembe za kale.

Kwetu wembe uliofufuliwa hautoki mlangoni kabla haujanyoa ndevu za mtu, na aliyeutengeneza ndiye anayeujaribu. Kwa kuwa Mungu hakumjalia ndevu, Hiltrud alitumia zetu. Shavu langu limeonja nyembe za mapadri, mabaharia na wanasheria. Mke wangu alinishuku kwa muda mrefu, maana niliondoka nyumbani na ndevu nikarudi nimeng'aa.

Miaka mitano iliyopita akaja mkurugenzi mpya, Doktor Evertsbusch. Aliamuru kwamba mteja akileta wembe mkuukuu apewe mpya wenye mpini wa plastiki, na ule wa zamani utupwe kwenye pipa la vyuma chakavu. Mwezi uleule aliukata mtufaha wa uani ili magari yapate pa kuegeshwa. Ofisi ingependa niandike kwamba Hiltrud alisikitika. Hakusikitika, alikasirika.

Alibeba gogo moja la mtufaha ule, akalipasua mbao, akazikausha juu ya tanuri la kupashia jengo joto majira yote ya baridi, kwa sababu mtufaha mbichi hupinda. Kisha akaingiza mkono ndani ya pipa mchana kweupe, akatoa wembe mmoja uliovunjika mpini na kuliwa na kutu mgongoni. Kila mapumziko ya chakula alikaa nao. Aliisugua kutu taratibu kwa mafuta, akiikwepa mihuri ya mtengenezaji, akachonga vibao viwili vyembamba, akavipaka mafuta ya kitani mpaka vikawa na rangi ya asali, kisha akanoa. Hakujificha hata siku moja.

Mkurugenzi akashuka mwenyewe.

"Bi Rautenbach, si nilisema takataka hizi zitupwe?"

"Ulisema, nami nilisikia. Keti."

"Sina muda."

"Ndevu unazo, na wembe huu haujajaribiwa. Au unamwogopa mwanamke?"

Magurudumu yote ya kunolea yalisimama. Akaketi, angefanyaje? Hiltrud akampaka povu.

"Shingo juu, Bwana Mkurugenzi. Na usiongee, ukiongea utakatwa, halafu utasema ni makusudi."

Alimnyoa bila tone la damu. Doktor alijipapasa shavu, akapanda ngazi kurudi ofisini. Amri yake hakuifuta, lakini tangu siku hiyo hakuna wembe uliotupwa pipani, naye hakuuliza tena.

Sasa ameuliza. Alidhani angemsubiri tu mama huyu aondoke, na agizo limetoka kwamba Jumatatu meza yake ipelekwe stoo.

Jana tulimwandalia kahawa ya kumuaga, na keki bapa zilizookwa katikati ya vyuma viwili, zenye matunda ya cheri ya moto juu yake. Doktor alimkabidhi saa ya ukutani na hotuba. Hiltrud alishukuru vizuri, maana ana adabu zake. Kisha akavua aproni yake ya ngozi na kumfungia kiunoni Annegret Melchior wa idara ya kufungasha, ambaye kwa miaka miwili amekula chakula chake cha mchana kwenye meza ile, nyundo mkononi, akijifunza.

"Huyu ndiye," alisema. "Mwenye neno aseme sasa, kahawa ingali moto."

Doktor alitazama ndani ya kikombe chake.

Hiltrud, tunakushukuru kwa kila wembe uliourudisha duniani, na kwa ukaidi wako, ambao tumeupenda kuliko tulivyowahi kukuambia. Tutakukumbuka, na tutaumia kuiona nafasi yako bila wewe. Lala mpaka jua lipande, kunywa kahawa yako bila king'ora cha kuitwa kazini, maisha yako yawe mema na marefu. Ya huku tuachie sisi. Jumatatu wakija kuibeba meza watamkuta Annegret ameikalia, nasi tumemzunguka, na hatusogei.