Mkono Mwepesi wa Daktari Sindano

Marehemu, mliyemwita Daktari Sindano ingawa mwenyewe aliukataa huo udaktari, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa mama yetu. Mimi dada yake nilimbeba mgongoni mpaka nikapinda.

Alianza shule mwaka 1959, akamaliza darasa la saba 1965. Hesabu aliziweza, mwandiko, tusiseme.

Mwaka 1971 aliajiriwa hospitalini kufunga vidonda. Huko daktari mmoja mgeni alimfundisha kwa miaka mitatu tiba ya sindano, ile ya Kichina ya kuchoma mwili kwa visindano vyembamba visivyo na dawa, naye akawa anajichoma miguu yake kwanza kabla ya kugusa ya mtu. Tarehe 6 Desemba 1980 alioa fundi cherehani. Mawifi tukamtania bibi harusi, "Sindano huku, sindano kule, utakaa wapi?" Akainua kidole alichokivika kikofia cha kushonea: "Kastabini ninayo, wifi!"

Mwaka 1983 alifungua chumba chake nyuma ya duka la viatu: vitanda viwili, pazia la kijani. Walikuja wenye migongo, magoti, na wazima waliotaka tu mwili utulie. Mwenye ugonjwa mkubwa alimrudisha hospitali: "Mama, mimi napunguza maumivu, sifufui." Siku moja mwalimu mmoja alijifunga kilemba akaenda zake, sindano ingali utosini. Marehemu alimkimbilia hadi kituo cha basi. "Mwalimu, simama! Umeondoka na sindano yangu!"

"Kumbe ndiyo maana kichwa kimetulia! Niachie mpaka Ijumaa."

Mimi bega liliniuma miaka tisa. Kila Jumapili aliniuliza, "Dada, lini?" Nami nikamjibu, "Nikizeeka." Mtoto niliyemfuta makamasi anichome? Kiburi hicho nakikiri mbele yenu.

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka. Februari 2023 nilikwenda chumbani kwake, nikalala kwenye kitanda cha wagonjwa. Alishika sindano, akautazama mkono, akairudisha sahanini.

"Hapana, Dada. Si kwa mkono huu."

Alimwita binti yake, mwanafunzi wake wa kazi hiyo, akamwonyesha kwa kidole: hapa, na hapa. Bega lilipoa. Lakini mimi nilikuwa nimefuata mkono wake.

Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2023 kwa homa ya mapafu. Ameacha mjane, binti mmoja, wana wa kiume wawili, wajukuu saba, na dada aliyechelewa.

Mungu ampe pumziko la amani, mdogo wangu.